Moto Usiozimwa Nyumbani kwa Bi Kezia

Ikifika Aprili tu, najua watakuja. Wanagonga mlango wangu hapa Northam, mtaa wetu wa bandarini, wamevaa makoti ya maana, wanaulizia ile Titanic, meli iliyozama. Bibi, uliiona ikiondoka? Bibi, eti bendi ilipiga muziki hadi dakika ya mwisho? Mimi nitajuaje bendi ilipiga nini, kwani nilikuwemo? Nawaambia kawaulizeni samaki. Wanacheka, wanadhani bibi mchangamfu. Hawaishi hamu na meli hiyo; wanataka kujua vyumba vya matajiri vilikuwa na mazulia gani, na sahani za rangi gani. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza habari za Bi Kezia Othen, jirani yangu tuliyetenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Basi nasimulia bila kuulizwa, na asiyetaka kusikia aende zake.

Bi Kezia alikuwa mwanamke mfupi, mikono myekundu kwa kufua nguo za watu, na mdomo mkali kupita wangu, jambo ambalo si dogo. Mumewe alikuwa mtia makaa melini. Vumbi lilimla mapafu akafa kijana. Akamwachia mtoto mmoja tu, Reuben. Reuben alipokua naye akashuka kule kule chini melini, kutia makaa kwenye tanuri, maana hapa mtaani mtoto wa kiume alikuwa hana pengine pa kwenda. Tena niseme mapema, nisije nikasemwa nyuma ya mgongo: huyo Reuben alikuwa mchumba wangu.

Alizaliwa na utando usoni. Kwetu sisi watu wa bandari, mtoto akija duniani amefunikwa uso na ule utando mwembamba wa tumboni, huyo si mtoto wa kuchezea. Mkunga huubandua taratibu, akautandaza kwenye karatasi mpaka ukauke, mama akauweka. Maji hayamli mtu aliyezaliwa nao, wala hayamli yeyote anayetembea nao mfukoni. Ndiyo maana mabaharia huutafuta kwa udi na uvumba. Na lipo jambo la pili, ambalo wanawake ndio wanaolijua. Utando na mwenyewe ni kitu kimoja. Mwenyewe akiwa mzima, hata awe upande wa pili wa dunia, utando huwa mkavu, ukiugusa unalia kama ganda la kitunguu. Akiugua unalegea. Akifa unalowa, hata uufungie wapi.

Mnacheka? Chekeni. Hamjawahi kukaa jikoni mkingoja meli.

Utando wa Reuben ulikaa ndani ya kikopo cha bati kilichowahi kuwa cha peremende, juu ya rafu ya jiko, kati ya saa mbovu na picha ya marehemu. Kila alipokuwa safarini, mama mtu hukifungua asubuhi, akaugusa kwa ncha ya kidole, akakifunga. Kisha ndipo huweka maji ya chai.

Mwaka ule wa elfu moja mia tisa na kumi na mbili wachimba makaa waligoma, meli zikalala gatini bila makaa, na wanaume wetu wakalala nazo. Njaa ilitukaba. Meli mpya ilipotaka watu, walikimbiliana kana kwamba wameitwa karamuni. Asubuhi ya kuondoka hakuna kamba ya nguo iliyotundikwa mtaa mzima. Siku ya safari mwanamke wa Northam hafui: ukifua siku hiyo, unamfua mtu wako aende na maji. Hata Bi Kezia, ambaye kufua ndiko kulimlisha, aliziacha shuka za watu zimelala beseni. Mimi nilikuwa jikoni kwake nikifunga mkate na mafuta ya nyama kwenye karatasi, Reuben kasimama mlangoni na mfuko wake begani.

"Mama, nipe kile kikopo niende nacho."

"Kikopo gani?"

"Usijitie hujui. Utando ni wangu, nilikuja nao mwenyewe."

"Ulikuja nao ukitokea wapi? Si tumboni mwangu? Basi kaa kimya."

"Wenzangu wananicheka, mama. Wanasema Reuben ana kinga halafu anaiacha jikoni ilinde masufuria."

Bi Kezia alikuwa ameshakwenda kusimama mbele ya rafu, kaiziba kwa mgongo. "Waache wacheke. Ukienda nao mimi nitajuaje? Nikae hapa nikodolee ukuta mpaka urudi? Ukibaki hapa, kila asubuhi nitajua kama u mzima. Na hiyo meli si ndiyo wanayoisifu kuwa haizami? Utando wa nini tena?"

Reuben akanigeukia. "Thirza, mwambie mama."

"Mpe, Bi Kezia," nikasema. "Ni kitu kidogo tu."

Alinitazama tangu utosini hadi viatuni. "Wewe subiri uolewe kwanza, ndipo uje kuniamrisha jikoni kwangu."

Reuben akacheka, akambusu mama, akanibusu mimi mbele ya mama bila haya, akaenda. Hatukumsindikiza kwa macho hadi kona, maana hilo nalo ni mkosi. Tulifunga mlango tukasikiliza viatu vyake mpaka vikachanganyika na vya wenziwe.

Habari zilipofika, kwanza zilikuja tamu. Meli imegonga barafu, ndiyo, ila watu wote wamesalimika, inavutwa bandarini. Tukashusha pumzi, Bi Loveless wa nyumba ya tatu akaimba barabarani. Kesho yake zikageuka. Sijui nani aliyeleta. Nakumbuka tu milango ikifunguka mmoja baada ya mwingine, wanawake wakatoka na aproni zao, wengine na watoto viunoni, wote wanaelekea ofisi ya kampuni kule bandarini bila kusemezana. Kishindo cha viatu vile bado nakisikia. Nilikimbilia kwa Bi Kezia.

Alikuwa ameketi mezani. Kikopo kiko mbele yake, mikono ameificha chini ya meza.

"Umekifungua?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

"Leo asubuhi?"

"Nilikifungua jana. Jana ulikuwa mkavu. Leo mikono inakataa, Thirza. Tazama." Akaitoa, ilikuwa ikitetemeka hadi kwenye viwiko. Sikuwahi kumwona mwanamke yule akiogopa kitu, si panya, si mwenye nyumba, si mumewe alipokuwa amelewa.

Mlango ukasukumwa. Bi Loveless, nywele wazi, amerudi mbio kutoka ofisini. "Hawasemi kitu! Watu wamejaa hadi barabarani, na hawasemi kitu! Kezia, fungua hicho kikopo."

"Siwezi."

"Mume wangu alikuwa tanuri moja na mwanao. Mwanao akiwa hai, na wangu huenda yu hai. Fungua, la sivyo nitafungua mimi!"

"Kiguse nikuvunje mkono."

"Vunja! Mkono nitaufanyia nini kama mume sina?"

Nyuma yake walishaingia wengine, sijui walitokea wapi, jikoni pakajaa pumzi za wanawake. Bi Kezia akafumba macho, akabana kikopo kifuani, akavuta kifuniko. Akaingiza kidole.

Ukalia. Kile kisauti kidogo cha ganda la kitunguu, kila mtu mle ndani alikisikia. "Mkavu," akanong'ona, kisha akapiga kelele, "Mkavu! Mkavu kama jana!" Bi Loveless akamwangukia akimbusu mikono, akicheka na kulia. Mimi nikakaa sakafuni penye makaa nikajichafua gauni, na sikujali.

Majina ya waliopona yalibandikwa ubaoni kidogo kidogo. Jina la mume wa Bi Loveless halikutoka. La Reuben halikutoka. Waliosalimika walirudi kwa treni mwisho wa mwezi, na Bi Kezia akaenda stesheni na shati safi limepigwa pasi, akapita akitazama uso baada ya uso. Mtia makaa mmoja wa mtaa wa pili akamshika mkono kando. "Mama Reuben, usimngoje. Nilimwona mara ya mwisho kwenye ngazi, maji yako kiunoni. Alikuwa anapanda, akasikia mtu anaita kule chini, akashuka tena. Pole, mama."

"Wewe ulimwona mara ya mwisho siku ile," Bi Kezia akamjibu. "Mimi nimemwona leo asubuhi. Ni mkavu." Akanishika mkono tukarudi nyumbani, shati juu ya mkono wake.

Mtaa mzima uliteremsha mapazia na kuvaa nyeusi. Kwenye shule ya mtaani watoto waliobaki na baba waliona aibu kusema. Nyumba moja tu ilikuwa na mapazia wazi. Kasisi akaja kumwambia akubali, Bi Kezia akamwonyesha mlango. Wakamwita kichaa, ila chini chini, maana kila aliyemwita kichaa alitamani na yeye angekuwa na kikopo. Mimi? Mimi nilimwamini asubuhi, nikaacha kumwamini jioni, na usingizi ukanikimbia.

Ikaja ile Agosti ya mvua. Jua hatukuliona, kuta zilitoka jasho, mkate ukiota ukungu kabla haujaisha. Bi Kezia alikuwa amezima moto kubania makaa, anakula baridi. Asubuhi moja nikasikia ukelele kupitia ukutani, ukelele wa mtu anayechomwa. Nikaruka ua.

Alikuwa amesimama na kikopo wazi. "Umelegea," akasema. "Gusa. Gusa, Thirza!"

Nikagusa. Haukulia. Ulinata kidogo kwenye kidole, laini. Nilijua ni unyevu. Akili yangu ilijua kabisa kwamba nchi nzima imelowa, chumvi yenyewe imeganda bakulini. Lakini kidole changu hakikujua hayo, nikaurudisha mkono kana kwamba nimeshika shavu la maiti.

"Anaumwa," Bi Kezia akasema. "Yuko mahali anaumwa, hana mtu."

Makaa hayakuwapo. Akachukua kiti, akakivunja kwa goti, akawasha. Akakivunja cha pili. Tukakaa mbele ya jiko tukitoka jasho, kikopo mdomo wazi karibu na moto, yeye akikigeuza polepole huku akizungumza nacho. "Vumilia, baba. Vumilia kidogo, mama yupo." Jioni akaugusa. Ukalia. Akaegemea ukuta akafunga macho. "Nimemponya," akasema.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na ndilo hilo ninalotaka mlielewe. Tangu zamani utando ulikuwa wa kumpa habari. Kuanzia siku ile, kichwani mwake, ukawa ndiyo uhai wenyewe. Ukikauka, Reuben anaishi. Basi yeye ataukausha. Moto wa Bi Kezia haukuzimika tena, si kiangazi, si masika. Mwezi wa Julai, watu tumefungua madirisha tunahema, bomba lake linafuka moshi. Hakulala pengine hata kwa dada yake aliyekuwa mahututi. Kanisani hakukaa mahubiri yakaisha. Mwanamke aliyekuwa haogopi kitu akawa anaogopa wingu, anaogopa birika linalochemka karibu mno, anaogopa mgeni mwenye koti lililolowa. Akaacha kufua nguo za watu ndani, kwa ajili ya mvuke. Akawa anafulia uani kwenye baridi hadi vidole vikapasuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Mimi niliujua kwa kupitia ukutani, nikisikia chuma chake cha kuchokorea moto.

Nikaolewa mwaka wa kumi na nne, na Ambrose Gange wa kiwanda cha gesi. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, sikutaka asikie dukani.

"Unaolewa na mume unaye?" akasema.

"Bi Kezia, hatukuwa tumeoana."

"Alikuposa. Alikubusu hapa, mbele ya macho yangu. Siku akirudi nani atamwambia? Mimi?" Akafungua kikopo, akakisukuma chini ya pua yangu. "Gusa kwanza, kisha ukaolewe."

Sikugusa. Nilikimbia. Siku ya harusi, kasisi anauliza kama kuna mwenye pingamizi, nikageuka kutazama mlango wa kanisa. Ambrose akanifinya mkono akidhani nitaanguka. Nilikuwa namngoja Reuben aingie, maji yanamchuruzika, aseme ninalo. Nilimwogopa mwanamume niliyempenda. Je, mnaijua hofu ya namna hiyo? Tangu hapo, kila viatu vizito vikipita mbele ya nyumba jioni, kijiko kilisimama chunguni.

Bi Kezia hakunisalimia mwaka mzima, wala hakuwahi kumwita Ambrose kwa jina. Alimwita "yule". Yule amerudi kazini? Yule amelala? Lakini vita vilipokuja, makaa yakawa adimu kuliko nyama, nikamkuta siku moja anakata ngazi za nyumba yake mwenyewe kwa shoka, ngazi za kupandia chumbani. Nikamwambia Ambrose. Alikuwa mtu wa maneno machache na mabega mapana. Kesho yake alirudi kutoka kiwandani na gunia la yale makaa mepesi yanayobaki wakishakamua gesi, akalishusha mlangoni kwa Bi Kezia, akagonga, akaondoka. Akafanya hivyo kila wiki. Kila wiki, jamani, mpaka nywele zake zikawa nyeupe.

"Kazi ninayoifanya mimi, haijawahi kufanywa na mume duniani," alikuwa akisema akivua viatu. "Ninamwashia moto mwanamume anayetaka kuninyang'anya mke."

"Basi acha kupeleka," nilikuwa nikimwambia.

"Niache? Mvua ikinyesha utalala wewe?"

Alinijua. Maana kwa kadiri miaka ilivyokwenda, ugonjwa wa Bi Kezia ulipenya ukutani. Nikiamka, kabla sijawatazama wanangu, nilitazama bomba lake. Moshi upo? Ndipo niliposhusha pumzi. Ningekuambia siamini, na kwa kweli sikuamini, ila siku moshi ulipochelewa nilitoka na kandambili kwenye theluji. La kuvunda halina ubani, nilijiambia. Huyu mtu amekufa zamani. Na bado nilitazama bomba.

Meli yenyewe haikukubali kufa. Ilipotimia miaka ishirini walianza kuja hawa wenye makoti. Akaja mmoja kutoka London, Bwana Penrose, mtu mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta, mkusanyaji wa vitu vya Titanic. Vifungo, funguo, kadi, chochote. Bi Loveless, Mungu amrehemu, alikuwa ameshamuuzia barua ya mumewe, na ndiye aliyemweleza habari za kikopo. Mvua ilikuwa ikimwagika siku hiyo. Mimi nilikuwa jikoni kwa Bi Kezia nikimenya viazi. Tulishapatana kitambo, kwa namna yetu ya kununiana.

"Mama, ninaheshimu sana huzuni yako," Bwana Penrose akasema, koti linachuruzika sakafuni.

"Huzuni gani? Simama huko mlangoni."

"Nitakulipa vizuri. Vitu vya namna hii vinastahili kuonekana na watu wote. Ni historia."

"Mwanangu si historia. Yuko safarini."

Yule bwana akanitazama akitabasamu, kama anayeniambia nimsaidie na kikongwe. Kisha, kabla sijainuka, akapiga hatua mbili ndefu, akanyoosha mkono wenye glavu iliyolowa, akakitwaa kikopo rafuni na kukifungua. "Ndiyo huu? Loo, mwembamba hivi!" Na tone likamtoka kwenye ukingo wa kofia.

Niliona tone lile likianguka. Sijui kama liliingia. Bi Kezia alitoa sauti ambayo si ya mtu, akachomoa chuma cha moto kikiwa chekundu nchani, akampiga nacho cha bega, koti likafuka moshi. "Unamuua!" akapiga kelele. "Unamuua mwanangu!" Mimi nilikuwa nimeshakinyakua kikopo, nimekielekeza kwenye jiko, nakipulizia pumzi kama mwendawazimu. Bwana Penrose alitoka bila kofia. Hakurudi kuidai, tukaitia motoni, ikawaka vizuri tu.

Utando ulilia. Lakini kuanzia siku hiyo Bi Kezia aliweka komeo mlangoni, na wakati wa mvua alikuwa akikishika kikopo mapajani kutwa nzima.

Halafu mabomu. Novemba ya mwaka wa arobaini ndege za adui zilitujia siku baada ya siku, zilitaka bandari, na sisi tuko puani mwa bandari. King'ora kilipolia, nilimburuza Bi Kezia hadi handakini mwisho wa mtaa. Alikuwa na miaka karibu themanini, mwepesi kuliko kapu, na bado alinipiga ngumi. "Kikopo! Niachie, kikopo!" Mlinzi wa handaki alitusukuma ndani, akafunga mlango. Hatukuweza kutoka. Alikaa mle ndani akikwaruza mbao kwa kucha, anamwomba mlinzi kwa majina yote mazuri, kisha kwa mabaya yote. Ardhi ilitikisika, mavumbi yalituangukia, watoto walilia. Na yeye hakuogopa bomu hata moja. Alikuwa akiuliza jambo moja tu: "Nani anautazama moto?"

Kulipopambazuka walitufungulia. Upande wa pili wa mtaa haukuwapo. Nyumba zetu zilisimama, bila vioo, paa la Bi Kezia limefunguka kama kopo. Zimamoto walikuwa wakikunja mipira yao; walikuwa wamezimwagia maji nyumba zote zilizobaki, zisishike. Maji yalitoka chini ya mlango wake yakateremka barabarani, meusi.

Nilimtangulia. Niliruka matofali, kwa umri wangu ule, nikaingia. Jiko lilikuwa limejaa majivu ya tope. Rafu ilining'inia upande mmoja. Kikopo kilikuwa sakafuni, kifuniko kimetoka, ndani kimejaa maji hadi ukingo, na ule utando ukielea juu, umefunguka wote, laini, mweupe. Sikuwahi kuuona umefunguka. Ulikuwa na umbo la uso wa mtoto.

Nikamwaga maji nikaufunika kwa kiganja. Nilichofikiria ni kimoja: niukimbize kwangu, niwashe chochote, niukaushe kabla hajaingia. Ningevunja kitanda changu. Mimi, Thirza, nisiyeamini.

"Lete," sauti ikasema nyuma yangu.

"Bado mkavu, Bi Kezia. Una unyevu kidogo tu, nitau—"

"Lete, mwanangu."

Nikampa. Hakutumia ncha ya kidole. Aliulaza wote kwenye kiganja chake, akaupapasa kwa kidole gumba, kama unavyompangusa mtoto uso. Nilingoja ule ukelele. Nilikuwa nimejibana masikio kwa mabega. Haukuja. Alikaa chini kwenye maji na gauni lake, akauinamia, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti, kisha kwa sauti, kilio kirefu cha kawaida cha mama aliyefiwa, kile tulichokisikia kwenye nyumba nyingine zote mwaka ule wa meli na kwake hatukukisikia. Nikaketi naye majini. Nami nikamlilia Reuben, kwa mara ya kwanza bila kutazama mlango.

Alipochoka akajifuta pua kwa aproni. "Una kitambaa cheusi?"

Nikamvulia shali yangu. Akajifunga kichwani, akaikaza. Kisha akanitazama, tangu utosini hadi viatuni, kama ile asubuhi ya safari.

"Haya," akasema. "Sasa umeolewa."

Kivuli kikaziba mlango. Ambrose, ametoka zamu kiwandani, mweusi kwa masizi, macho mekundu. Amepita mji mzima unaowaka, na begani ana gunia. "Nimeona bomba halina moshi," akasema akihema. "Nimekuja mbio. Kuna makaa hapa, nitawasha sasa hivi, mama, sogea nikuwashie."

Bi Kezia akanyoosha mkono, akamshika kidole kimoja. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi hata kumpa kikombe cha chai.

"Weka chini gunia, Ambrose," akamwambia. "Pumzika, baba. Leo hatuwashi moto."